Kobe na Mume Aliyejua Mno

Anayetaka habari iliyopimwa kwa mizani akanunue sukari. Hii imepimwa kwa kiganja, na kiganja hakikosi kuzidisha.

Msichana mwenyewe walimwita Kobe. Si kwa sababu ya shingo, maana shingo alijaliwa, bali kwa sababu ya kusoma. Alipoingia sekondari, zamu yake ya kusoma kwa sauti ikifika katika kipindi cha Kiingereza, darasa zima lilijinyoosha kama abiria wa safari ndefu. Inasemekana kuna mmoja aliyelala, akaota ameoa, akazaa, akagombana na mkewe, akaamka na kumkuta Kobe bado yuko kwenye sentensi ile ile. Kila neno kwake lilikuwa jiwe la kuvukia mto. Alilikanyaga kwanza, akalijaribu kama linacheza, ndipo akahamisha mguu mwingine. Wenzake waliruka. Neno wasilolijua walilipita macho mbele, kama mtu anavyompita jirani waliyenuniana. Kobe hakuweza kuruka.

Walipomcheka hakulia wala hakuinamisha kichwa.

"Chekeni tu," aliwaambia. "Nyinyi mnafika haraka kwa sababu hamkubeba kitu."

Kamusi aliyokuwa nayo ililiwa na mchwa kuanzia katikati. Maneno ya herufi za mwanzo aliyapata humo, yale ya herufi za mwisho ilibidi ayakisie kwa kuangalia maneno jirani. Neno likikaa katikati ya kilio na jeneza, alijua si la harusi. Kwa mtindo huo, kidogo kidogo, mawe yakaanza kukaribiana, na kufikia kidato cha tatu Kobe alikuwa anavuka mto bila kulowa. Haraka hakuipata, na mwishowe hata hakuitaka tena.

Mama yake alikuwa msusi. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilifungukia barabarani, ndani mna kioo chenye ufa, vifungu vya nywele bandia vinaning'inia msumarini, na kiti kilichokatwa miguu ili mteja akae chini na msusi asichoke mikono. Kobe akitoka shule kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya mama, kumpa nywele moja moja, na kufumua vichwa vilivyozeeka kwa mkia wa chanuo. Kufumua si kazi ya mwenye pupa. Ukivuta tu, unang'oa nywele na mzizi wake. Unaanza kwenye ncha, unafuata mkono wa aliyesuka, unaona alipokaza na alipolegeza kwa uvivu.

Na mwanamke anayesukwa husema. Kichwa kizima huchukua muda, na mdomo hauna kazi nyingine. Mkamwana akikaa kwenye kile kiti, alisimulia visa vya mama mkwe wake mpaka chumba kizima kikawa tayari kutoka na mawe. Baada ya siku chache mama mkwe naye alikuja kusukwa, akasimulia yake, na mawe yale yale yakageuzwa upande wa mkamwana. Kwa hiyo mama yake Kobe alikuwa na sheria yake. Mtu akianza kutoa hukumu, yeye alivuta nywele za mteja kidogo, kiasi cha kukunja uso, akasema, "Mwenzake hajakaa." Basi, neno limekwisha. Hakuna kuhukumiwa mtu chumbani humo mpaka naye akae kwenye kiti.

Sheria ya pili haikuwahi kutamkwa, Kobe aliiokota mwenyewe. Siku moja mteja mmoja aliapa kwa kila kilicho juu ya ardhi kwamba hajawahi kukanyaga chumbani kwa wifi yake. Muda mfupi baadaye, katika kumsengenya wifi huyo, akaeleza jinsi shuka za kitanda chake zilivyotiwa viraka upande wa ukutani. Wanawake wakatazamana kiooni. Mama akaendelea kusuka kama hakusikia. Kobe akajifunza kwamba mwongo hashikwi kwenye anachoficha. Hushikwa kwenye anachojua mno.

Walipofika kidato cha nne, wakaletewa kitabu cha riwaya cha kusoma kwa ajili ya mtihani wa Fasihi ya Kiingereza. Mtihani huo ndio uliokuwa roho ya Kobe. Asiyeufanya hakuwa na njia ya kuendelea na masomo ya lugha, na Kobe, aliyevuka ule mto jiwe kwa jiwe, hakutaka kitu kingine duniani.

Mwalimu wa Kiingereza waliyempachika jina la Msumari alikuwa mrefu, mkavu, na kauli yake ikishagongwa haing'oki. Akinguruma darasani, mbuzi wa jirani waliacha kutafuna wakingoja ruhusa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona wanafunzi wengi wakianguka, na dawa aliyoiamini ilikuwa moja tu: mwongozo, kijitabu chembamba chenye maswali na majibu yaliyokwisha kupikwa. Riwaya zenyewe zilikaa kabatini, safi kama vyombo vya wageni. Mwongozo ndio uliochakaa. Kila asubuhi darasa lilisimama na kuimba, "Mume ni mpole, ni mvumilivu, ana upendo. Mke ni mchoyo, ni mkaidi, ni mchoma nyumba."

Maana hiyo ndiyo ilikuwa hadithi. Mume anasimulia mwenyewe jinsi mkewe alivyomtesa na mwisho akaichoma nyumba yao.

Kobe aliazima riwaya kabatini akaisoma yote, kwa mwendo wake. Alipoimaliza akairudia kuanzia mwisho, kama anavyofumua kichwa. Asubuhi iliyofuata darasa likasimama kuimba, yeye akabaki ameketi.

"Kobe, miguu imelala?" Msumari akamuuliza.

"Imeamka, mwalimu. Jibu ndilo silioni."

"Limeandikwa."

"Kwenye mwongozo. Kwenye kitabu nimelitafuta, halimo."

Msumari akamwambia basi aeleze, akidhani atamaliza kwa aibu. Kobe akaeleza kwa Kiingereza chake cha kuchongachonga, bila haraka, na safari hii hakuna aliyelala. Mume anasema mwanzoni kwamba siku ya moto alikuwa kwa kaka yake, ng'ambo ya mto, na aliporudi alikuta majivu yamekwisha poa. Mbele huko, anapoililia dunia, anasema moto ulianzia mlango wa jikoni, pazia ndilo lililotangulia, na moshi ulinukia mafuta ya taa. Majirani wote walikuwa shambani. Mke aliondoka siku ile ile na hawakusemezana tena. Sasa habari za pazia mume alizipata wapi?

"Mwandishi amesahau tu," akasema Msumari.

"Mwandishi aliyekumbuka hata punda wao alikuwa na sikio gani bovu, asahau mume alikuwa wapi?"

Darasa likacheka. Msumari akasema mwongozo umeandikwa na watu waliosoma.

"Na mimi nimesoma, mwalimu. Polepole, lakini chote."

Hapo ndipo vita vilipoanza. Ukaja mtihani wa majaribio, na swali likasema: eleza uovu wa mke. Kobe akaandika kwamba uovu wa mke hauwezi kuelezwa, kwa sababu anayeushuhudia ni mtu mmoja, na mtu huyo amejua mambo ambayo angeyajua tu kama kiberiti kilikuwa mkononi mwake. Alirudishiwa karatasi yenye sifuri, kubwa kama sinia. Na kanuni ya Msumari ilijulikana shule nzima. Aliyepata sifuri kwenye majaribio, jina lake halipelekwi kwenye mtihani wenyewe. Kwa kumhurumia, alimpa njia ya kutokea. Asimame mbele ya darasa, aandike ubaoni jibu la mwongozo, sifuri ifutwe. Kobe akakataa. Mama yake akaitwa.

Mama alifika na chanuo bado limechomekwa kichwani na vipande vya nywele za wateja begani. Msumari alimpa kiti, akazungumza naye kwa adabu. Alisema binti ana akili, na hilo ndilo linalomuuma. Wasahihishaji wana mwongozo huo huo mbele yao, anayeandika kingine wanamkata, ameshuhudia kwa macho yake watoto wazuri wakikatwa. Hamchukii Kobe. Anataka apite.

Mama akaona maneno yana uzito. Akamgeukia binti yake. "Mwanangu, mwandikie anachotaka. Kichwa ni cha mteja. Msusi hasuki mtindo anaoupenda yeye."

"Mama," Kobe akasema, "huyo mke hasemi neno hata moja kwenye kitabu kizima. Kila kitu anasemewa. Kwenye kiti chako, ungeruhusu ahukumiwe?"

Mama alitazama mikono yake, kidole cha shahada kilichopinda kwa kazi.

"Mwalimu," mama akasema, "nilikuja kumwombea msamaha. Sasa nimekosa cha kuomba."

"Basi atakaa nje ya darasa langu."

"Atakaa."

Lakini msifikiri mama alimkumbatia. Njia nzima ya kurudi nyumbani alimpa vidonge vyake: kwamba ana kichwa kigumu kama jiwe la kusagia, kwamba amemwaibisha mbele ya watu wa suti, na kwamba akikosa mtihani asije kumlilia. Kobe akajibu kila mara, "Sitalia, mama," na hilo lilimkasirisha mama zaidi kuliko yote.

Kesho yake Kobe alichukua kiti chake akakiweka nje, chini ya dirisha la darasa lisilo na vioo, akafungua kitabu. Jua lilimpiga, mvua ikamnyeshea, na mijusi miwili ikajiunga na masomo ikahudhuria vizuri kuliko wavulana wa nyuma. Wa madarasa mengine walipita wakimtania kwamba kobe amevuliwa gamba.

"Pita zako," aliwajibu. "Mimi niko kazini."

Alisoma kwa sauti. Si kubwa ya kuitwa mtovu wa nidhamu, na si ndogo ya kutosikika dirishani. Asubuhi wale wa ndani waliimba, na wakimaliza, ile sauti ya taratibu ikapanda kutoka chini ya dirisha na kusoma yale mume aliyosema, kama alivyoyasema. Msichana aliyekaa karibu na dirisha akaiba riwaya kabatini. Baadaye wawili nyuma yake wakafanya hivyo hivyo. Kabati likaanza kupungua kama chungu chenye panya. Wimbo wa asubuhi nao ukalegea, na ukifika kwenye "mchoma nyumba," midomo mingine ilijifanya inakohoa.

Msumari aliona, akaendelea na mwongozo wake. Aliyemshangaza alikuwa kiranja wa darasa, kijana aliyeukariri mwongozo hadi mikato yake, asiyempenda Kobe hata kwa dawa. Asubuhi moja kiranja akainua mkono.

"Mwalimu, samahani. Nilitaka kumwonyesha Kobe kwamba amekosea. Nimetafuta mahali panaposema nani alimpa mume habari za moto. Nimetafuta sana. Hapapo."

Msumari akasema papo, watu hamtafuti vizuri. Akachukua riwaya mezani kwa kiranja aoneshe mahali penyewe. Akafungua, akafunua, akafunua tena. Alianza akiwa amesimama, mara akaegemea meza, mara akavuta kiti akaketi. Ukweli ni kwamba kwa miaka mingi alikuwa anafundisha mwongozo, na riwaya yenyewe hakuigusa. Kengele ikalia. Hakuna aliyetoka. Hata sauti ya nje ilikuwa imenyamaza, maana Kobe alikuwa amesimama juu ya kiti chake, viwiko dirishani, anamtazama mtu akisoma.

Hatimaye Msumari akafunga kitabu, kidole kimebaki ndani, akasogea dirishani.

"Kobe."

"Naam, mwalimu."

"Sikubaliani nawe. Huenda kuna jirani aliyebaki nyumbani akamwambia."

"Huenda. Tumtafute huyo jirani kitabuni. Tukimpata, nitanyamaza."

"Kwenye mtihani watakukata."

"Wakikata watakuwa wamekata jibu langu. Sitaki kupasishwa na la mwingine."

"Sifuri yako siifuti."

"Sijakuomba uifute."

Msumari akapumua kwa pua kama ng'ombe aliyefika mlimani. Akasema jina lake atalipeleka, na akitahiniwa akaanguka, ajue alionywa mbele ya mashahidi. Aingie ndani.

Mtu mwingine angeruka dirishani kwa furaha. Kobe hakutikisika.

"Na hao wengine, mwalimu? Kesho wataimba tena?"

Msumari alitazama darasa, na darasa likamtazama yeye. Hakuna aliyejua mikono aiweke wapi. Mwishowe akasema wagawane riwaya zilizopo, wawili wawili au watatu watatu, wataanza upya, na mwongozo ukae mezani kwake mpaka atakaposema.

Ndipo Kobe akashuka. Aliingia kwa mlango, kiti kichwani, kitabu kwapani, akapita katikati ya madawati bila kukimbia. Mahali pake pa zamani palikuwa nyuma kabisa, pembeni. Hakupatazama. Alikwenda moja kwa moja mstari wa mbele, akakiweka kiti chini karibu na kiranja.

"Sogea," akamwambia. "Na ufungue mwanzo. Pale anaposema alikuwa kwa kaka yake."