Adabu za Kaweesa

Mimi wivu ninao, na sifichi. Wifi yangu Nakitto, dada wa mume wangu, hushona magomesi, yale magauni ya heshima ya Kiganda, pale Kyotera, na wateja humsubiri mwezi mzima bila kunung'unika. Tulijifungua mwaka mmoja: yeye Kaweesa, mimi Kirabo. Kila Jumapili tulipopiga magoti kumwamkia mama mkwe, binti yangu alimkodolea bibi macho, akamnyooshea kidole, akapayuka. Kaweesa, karibu miaka miwili, alitazama mkeka, kimya.

"Huyo ndiye mjukuu!" mama mkwe alisema. "Hamtazami mkubwa usoni. Wako huyu, mkamwana, umemlelea sokoni?"

Roho iliniuma, jamani! Nikifika nyumbani nilimchapa Kirabo kile kidole, mtoto wa watu.

Jumapili moja mama mkwe na Nakitto walitoka kumenya matoke, nikabaki na watoto. Kaweesa alikuwa anapanga punje za buni kwa mstari ulionyooka. Nikasema leo nitaona hiyo adabu ilivyo.

"Kaweesa!" Kimya. Nikasogea. "We Kaweesa!" Wala. Nikachakarisha pakiti ya biskuti, akageuka papo hapo. Kumbe masikio anayo. Kirabo akamwekea uso mbele yake, akicheka, akimwonyesha kuku mlangoni. Kaweesa hakumtazama Kirabo, wala yule kuku. Hapo nikashtuka. Mkubwa hatazamwi, sawa, lakini kwa mtoto mwenzake adabu ya nini?

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kabisa. Halafu nikamkumbuka nesi wa chanjo alivyotuambia: mtoto asiyegeuka akiitwa jina, asiyekuonyesha kitu kwa kidole, mleteni mapema, msikae mkingoja akue. Mtoto anahitaji msaada, na wa kusema ni mimi, ambaye ukoo mzima unanijua kwa kijicho.

Nikamfuata Nakitto nyuma ya jiko. Alikuwa peke yake.

"Wifi, mpeleke Kaweesa kliniki. Haitiki jina. Haonyeshi kitu kwa kidole."

Kisu hakikusimama. "Wivu huo."

"Ndiyo, nilimchunguza kwa wivu. Nitukane ukitaka. Lakini nilichokiona nimekiona."

Akamenya ndizi moja, akaanza nyingine, akaiacha nusu.

"Yule wako akinyoosha kidole," alisema, "mimi huingia chumbani. Siwezi kutazama. Kaweesa hajawahi kunionyesha kitu, wifi. Hata ndege, hata mbuzi. Mama anamgombeza mwanao, na mimi natamani angekuwa wangu anayegombezwa."

Miaka yote nikimwonea wivu huyu! Nikaketi chini kando yake.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi?" Akajifuta macho kwa kiwiko, mikono imejaa utomvu. "Kila nikifungua mdomo, mnamsifu."