Kompyuta ya Mfukoni Kwenye Mahari ya Nsimire

Nawasimulia ninyi kwa sababu ni marafiki, na kwa sababu mke wangu ameshawasimulia nusu yake akicheka kabla ya kufika katikati: mimi ndiye mtu aliyewasikilizisha wageni wa mahari siri za familia yake, mchana kweupe, kwa sauti ya juu, akiwa amevaa suti. Kuna watu wa Nyangezi ambao mpaka leo nikiwaona soko la Kadutu nageukia nyanya, nazishika moja moja kama mnunuzi mkubwa, hadi wapite.

Yote yalitokana na uamuzi mdogo. Ilikuwa miaka ile ya vita, nchi imekatwa vipande, Kinshasa kwao na sisi huku kwetu, na simu za mkononi ndiyo kwanza zimeingia Bukavu. Nilikuwa nayo moja, fupi na nene kama kipande cha sabuni. Basi mkubwa wetu wa ofisini, Mzungu mmoja mpole, alipokuwa anarudi kwao akaniachia kompyuta yake ya mfukoni, na hapo ndipo akili yangu ilipoanza kulegea.

Acheni niisifu kidogo, maana inastahili. Kitu kile kilienea kiganjani, lakini ndani yake kulikuwa na kalenda, mashine ya hesabu, kamusi ya Kifaransa, ramani za miji ambayo sitafika, mchezo wa karata, na ilikuja na kalamu yake ndogo ya plastiki ambayo ukiandika nayo juu ya kioo, maandishi yako mabaya yanageuka herufi safi za kitabu (mimi, ambaye masista walinichapa miaka yote kwa ajili ya mwandiko!). Nilikuwa naiwasha usiku kitandani kuitazama tu. Na juu ya hayo ilikuwa na koti la plastiki la kuvalishwa mgongoni, ndani yake unaweka puce, ile kadi ndogo ya simu, na papo hapo kompyuta inakuwa simu. Nikajiuliza, mwanamume mwenye kitu kama hiki anabeba simu nyingine ya nini? Nikahamisha puce, nikaandika namba zote mle ndani, nikachana karatasi nilizokuwa nimeziandika, na ile simu-sabuni nikampa shemeji yangu aliyekuwa anasafiri kwenda Uvira.

Mke wangu akaniuliza:

“Papa Arsène, dot ya Nsimire iko juma hii, na weye unapeana simu?”

“Maman Arsène, hii iko simu na zaidi ya simu.”

“Miye sisemi kitu,” akasema, na mnajua mwanamke akisema hivyo amesema nini.

Nsimire ni mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama yetu. Baba alikwisha kufariki, na kwetu mahari ya msichana, hiyo dot, haipokelewi mpaka mdogo wa baba atamke baraka, watu wasikie, ndipo ng'ombe wahesabiwe kuwa wameingia. Mdogo wa baba aliyebaki ni mmoja tu, Tonton Gervais, naye yuko Kinshasa, upande wa pili wa vita, hakuna ndege wala barabara ya kumleta. Mahari hii ilikuwa imeshavunjika mara moja, watu wa mume walikuwa njiani kutoka Nyangezi wakakutana na risasi wakarudi. Kwa hiyo tulipanga siku nyingine, na tukapatana na Tonton kwamba atapiga simu alasiri aseme baraka, wageni wapate kurudi kabla ya jua kushuka, kwa sababu baada ya hapo barabara ile haikuwa ya watu wa amani. Kazi yangu mimi kaka mkubwa ilikuwa moja: kupokea simu.

Siku yenyewe sebule yetu ya Muhumba ilijaa. Upande mmoja sisi, upande mwingine wao, mbele yao mshenga wao, Papa Cirhuza, mzee mwenye sauti ya taratibu na kofia aliyoiweka gotini. Mnajua mchezo wa pale, upande wa msichana lazima tujifanye hatuna haraka, hata hatujui wamefuata nini. Mimi nikasimama nikatoa hotuba ya Kifaransa kirefu na Kiswahili kirefu, nikisema kwamba mtoto wetu bado yuko masomoni, kwamba walioulizia ni wengi, kwamba sisi hata wazo la kumtoa halijatuingia, na Pacifique, bwana harusi, kijana wa watu, akawa anafuta jasho shingoni. Nilijipenda sana dakika ile.

Kisha nikafanya kosa la kuitoa kompyuta niiweke mezani, na bila shaka watu wakauliza ni nini, na bila shaka nikaonyesha. Nikaonyesha kalamu. Nikaonyesha kamusi. Nikaonyesha karata, na tonton mmoja wa upande wao akacheza mara kadhaa akishindwa na mashine na kudai inamwibia. Ilipita mkono kwa mkono, kioo kinawaka muda wote, na mimi nikifurahi kama mwenye mtoto aliyesoma. Alama ya betri niliiona ikipungua. Nikasema moyoni, itatosha (chaja yake, kitu kama kopo ambacho kompyuta husimamishwa ndani yake, nilikuwa nimeiacha ofisini).

Ikalia. Mlio wake ulikuwa mzuri, muziki kabisa, na chumba chote kikanyamaza kwa heshima. Sasa lazima niwaeleze jambo moja: kompyuta ile haikuwa na mahali pa kuweka sikio. Ili kuongea kwa siri unachomeka waya wa masikioni, na bila waya sauti inatoka kwenye spika ya nyuma. Nikavuta waya kutoka mfukoni kwa mbwembwe, ukanasa kwenye mkono wa kiti, ukakatika. Kalamu ikaruka chini ya kabati. Simu inalia. Nikabonyeza kwa kidole.

“Allô! Ndugu yangu! Bale batu ba Nyangezi banafika?”

Spika ile, nawaambia, ilikuwa kazi nzuri sana ya mafundi. Kila neno safi.

“Tonton, subiri kidogo, tuko...”

“Sikiya kwanza! Usibasumbue na kifaransa yako, miye nakujua. Kijana mwenye kazi, mwenye kusali, utapata wapi mwengine? Miye nasali novena tangu Kwaresima juu ya hii mambo! Nsimire na ile kichwa yake ya mawe, bakimujua muzuri batakimbia. Bapatie leo! Ata bakileta kuku, pokea!”

Nilikuwa natafuta mahali pa kupunguza sauti. Bila kalamu, kidole changu kilifunika vitufe vitatu kwa pamoja, na nilichokigusa kiliongeza. “ATA KUKU MOJA!” akasema Tonton, na vikombe kwenye kabati vikaitikia.

Sijui kama mmewahi kutamani sakafu ipasuke. Maman yangu alijifunika uso kwa kitenge. Nikainua macho kuwatazama wageni, nikitegemea kicheko au watu kusimama waende zao, na nikaona jambo ambalo nadhani lingetokea kwetu tu. Wote walikuwa wanatazama juu. Wote, mstari mzima, kama watu wa phonie.

Mnaikumbuka phonie ya parokiani, ile redio ya mawasiliano tuliyopangia foleni miaka ile ili kuongea na ndugu wa Luhwindja na kwingine, ambapo mwanamke anamuuliza mume wake kwa nini hatumi habari na nyuma yake watu ishirini wanasikia jibu. Vita ilitufundisha adabu yake. Ukiwa kwenye foleni unasikia yote na husikii kitu, unatazama dari, unahesabu misumari, na ukitoka nje hata kwa mke wako husimulii. Papa Cirhuza akakohoa kidogo, akasema:

“Hii plafond iko ya mbao muzuri. Muliitoa wapi?”

“Mwenga,” nikajibu.

“Njo maana,” akasema, na wenzake wakatikisa vichwa kuhusu mbao. Ningeweza kumbusu mzee yule.

“Sasa nyamazeni nibariki,” Tonton akaanza, “kwa jina ya Baba, na ya...”

Kioo kikazimika. Nikabonyeza. Nikatikisa. Nikapuliza, sijui kwa nini. Kompyuta ilikuwa imekufa kabisa, na namba ya Tonton ilikuwa mle ndani (kesho yake nilipoichaji ilifunguka tupu, imesahau namba zote, ikaniuliza mimi ni nani na naishi nchi gani). Nje kivuli cha mlima kilikuwa kimeshafika uani. Papa Cirhuza alichungulia dirishani, na wote tulielewa: bila baraka hakuna mahari, na wakiondoka leo hakuna aliyejua kama barabara itakubali tena. Ndani, nyuma ya pazia la mlango, alikuwepo msichana aliyesubiri tangu safari iliyovunjika, na kaka yake alikuwa amemchomea siku kwa ajili ya mchezo wa karata. Nilikuwa karibu kulia, na si kwa sababu ya aibu.

Mshenga akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa simu. Ilikuwa ya aina ileile niliyoitoa bure, mgongo wake umefungwa kwa mpira, namba zimefutika.

“Tia puce yako humu. Atapiga tena.”

Upande wa msichana kuomba kitu kwa upande wa mume kabla mahari haijapokelewa! Sikuwahi kuona, na nilipokea kwa mikono miwili. Lakini lile koti la plastiki lilikataa kufunguka, kucha zangu zikavunjika, mpaka pazia likafunguka na Nsimire akatoka, amevaa kitenge chake cha sherehe, kabla hajaitwa, jambo ambalo msichana hafanyi, akachomoa kibanio cha nywele, akafungua koti mara moja, akahamisha puce, akafunga mpira. Alikuwa amesikia kila kitu. Alinitazama mara moja tu na sitaki kueleza.

Simu ikalia mkononi mwake.

“Allô, Tonton. Ndiyo. Niko nasikia.” Akatega sikio. Akainua mkono. “Anasema tusimame.”

Tukasimama, wao na sisi. Simu ile sauti yake inaingia sikio moja tu, kwa hiyo akawa anasikiliza kidogo, anatutamkia, anasikiliza tena.

“Anasema: mutoto wa kaka yangu njo mutoto yangu. Anasema: baba yake angekuwa hapa angesema ndiyo, na miye nasema ndiyo pa nafasi yake.”

“Amina,” tukasema. Maman akaanza kulia.

“Anasema: ng'ombe zipokelewe, na hakuna mutu wa kuzihesabu mara mbili.”

“Amina.”

“Anasema...” akashusha macho kwenye zulia, “anasema amalize kwanza université, na mume wake asimuzuize.”

Pacifique akasema amina kabla ya wote.

“Anasema: kichwa ya mawe njo yenye inajenga nyumba, na mwenye kusema mubaya juu yake anaomba musamaha.”

Hapo hata Papa Cirhuza alishindwa na adabu ya phonie, akacheka mpaka kofia ikamtoka mkononi. Ng'ombe wakapokelewa, sambaza, wale samaki wetu wadogo wa ziwani, zikaliwa haraka haraka, na wageni walifika Nyangezi salama.

Kwa hiyo vijana wa ofisini wanaponiuliza kama kompyuta ya mfukoni inaweza kuchukua nafasi ya simu, nawajibu kwamba sijaona kitu kizuri kama ile, bado ninayo, naifuta vumbi. Lakini kwenye jambo la damu na la ndoa nimeapa sitaingia tena nyumba ya watu bila simu ya kawaida, chafu ikiwezekana, inayosema na sikio moja.

Nchi ilipofunguka Tonton Gervais alipanda ndege akaja kwetu. Tulipokuwa wawili nikamshukuru kwa baraka zile, hasa lile la masomo, maana Nsimire alikuwa ameshapata diploma yake.

“Masomo gani?” akaniuliza. “Ile siku nilisikia ‘Allô Tonton’, kisha rézo ya simu ikakatika. Nilipiga mpaka usiku. Nililala vibaya, nikisema nimemuharibia mutoto ndoa.”

Nikamwambia Nsimire alishika simu sikioni akatutamkia baraka zake mpaka mwisho. Kisha akaniambia nimwambie yote aliyosema, neno kwa neno, nami nikamwambia, la baba yetu, la ng'ombe, la masomo, la kichwa cha mawe. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Alitoa miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha.

“Ndiyo,” akasema. “Njo vile nilisema.”