Jina la Kaka Kwenye Simu ya Mama

Nilipoanza kujifunza udukuzi, Mama aliamini nimeingia kwenye wizi. "Batakufunga," alinionya huku akichagua maharagwe mlangoni kwetu, mtaa wa Ndosho. Nilimweleza kwamba kuna wadukuzi wanaoajiriwa kutafuta nyufa kwenye simu na kompyuta za watu, kwa ruhusa ya wenyewe, kabla mwizi hajaziona. Hakushawishika hata kidogo. Hata hivyo, kila nilipokwenda darasani, mtaa wa Murara, alinifungia viazi vya kuchemsha.

Mwalimu wetu alianza na somo la kuomba ruhusa, kompyuta zikangoja. "Ukigusa bila kuuliza, weye ni mwizi mwenye diplome," alisema, tukacheka. Kazi ya kwanza ilikuwa kupima ulinzi wa simu ya mtu wa nyumbani, akikubali, kisha kumsaidia kurekebisha palipo dhaifu.

Nikamwomba Mama, akiwa tena mlangoni na maharagwe yake. Alinirushia simu yake. "Jaribu, tuone kama ile masomo iko na maana."

Sikuhitaji ujuzi wowote. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake huwekwa kando. Sokoni na kanisani anaitwa mama wa kifungua mimba wake. Na akina mama wengi wa mtaa wetu hulifanya jina hilohilo kuwa neno la siri. Yaani mtu anafunga mlango, halafu majirani wanautaja ufunguo kila wanapomsalimia! Nilikuwa nikiwacheka sana.

Niliandika jina la kaka yangu, simu ikafunguka.

Kaka alikuwa dereva wa pikipiki. Alikufa kwa ajali kwenye barabara ya Kiwanja. Baada ya matanga, majirani walimwonea Mama huruma, wakaanza kumwita kwa jina langu mimi, mtoto aliyebaki. Nilidhani wanamsaidia.

"Mama, hii ni rahisi mno. Lazima tubadilishe."

Alininyang'anya simu, akaikumbatia.

"Batu bote baliacha kuniita na jina yake," alisema. "Hapa kwa simu tu njo nabakiaka kumuita, kila asubui. Sasa na weye unataka nimufute?"

Mimi ni mbishi, mtaa mzima unajua. Lakini siku ile nilikaa chini kando ya maharagwe yake nikalia, naye akalia.

Tulipotulia nilimwambia kwamba Kaka hatafutwa. Jina lake libaki, ila alizungushie maneno mengine, sentensi ndefu, kitu ambacho Kaka alimwambia yeye peke yake na ambacho hata mimi sikijui.

Alifikiri kidogo, kisha akatabasamu. "Kiko kimoja. Alikuwa ananiambiaka kila asubui, mbele ya kuwasha pikipiki aende kazi."

Alianza kuandika kwa kidole kimoja, midomo ikifuata kila herufi. Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba vidole na midomo ya mtu vinasema mengi. Niligeuka, nikatazama ukuta mpaka akamaliza.

"Jaribu sasa."

Nilijaribu jina la Kaka, langu, hata la Nyanya. Simu ilikataa kabisa, na Mama akanicheka kwa raha: "Banakufundishaka nini kule?"

Kesho yake asubuhi nilimsikia jikoni, akinong'ona polepole maneno ya Kaka huku akiandika. Simu ilipofunguka, akajibu kwa sauti yake ya kawaida:

"Uende muzuri, mutoto yangu."