Nilihesabu hodi za mlangoni kwangu siku kumi na nne, wastani ukanistiri, mode ikaniumbua

Wakuu, hamjambo humu ndani. Haya yamenipata mwenyewe, sikuhadithiwa. Chumvi nikiongeza mtaionja.

Mimi ni mtu wa bara, nafanya kazi kiwandani Changamwe, nimepanga chumba Bombolulu. Nina viti viwili. Cha wageni bado kina nailoni ya dukani, mwaka wa tatu huu. Kwangu kuna kimya hadi mende wakipita wananong'ona.

Jioni nilikuwa nasoma ngumbaru, darasa la watu wazima. Cheti ninacho, kimetundikwa ukutani, asiyeamini aje akione. Aje kweli.

Sasa mwalimu wa hesabu akatupa kazi: chagua kitu cha nyumbani, kihesabu siku kumi na nne, ulete mean, median na mode. Wenzangu wakachagua mayai na ndoo za maji. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikachagua hodi. Hodi ngapi mlangoni kwangu kwa siku.

Siku ya kwanza sifuri. Ya pili sifuri. Ya tatu akaja caretaker kusoma mita ya maji. Moja hiyo! Nikaiandika kwa kalamu nyekundu.

Kisha sifuri, sifuri, sifuri.

Siku ya tisa mlango ulitaka kung'oka. Hodi ishirini na sita! Kwenye nyumba ya nyuma yangu kulikuwa na matanga, mama mmoja amefiwa na mumewe. Wageni kutoka Kaloleni walikuwa wameambiwa watafute mlango wa buluu, na wangu pia ni wa buluu.

"Hodi! Hapa ndipo penye msiba?"

"La, zungukeni nyuma."

Kufika ya kumi nilishavaa shati zuri, nikingoja wageni. Sifuri.

Siku ya kumi na mbili dada mmoja alipiga hodi akitafuta kuku wake. Basi.

Nikapiga hesabu. Jumla ishirini na nane, gawanya kwa siku kumi na nne, mean, yaani wastani, ni mbili. Wageni wawili kila siku! Sikutaka darasa lijue kwamba sina mtu, na namba hii ilinifunika vizuri. Nikaisoma kwa sauti ya mgombea ubunge.

Bi Mwanaisha, muuza mahamri anayekaa mbele yangu, akageuka. "Wawili kila siku? We mtu wa bara, mbona miye hujanikaribisha?"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka.

"Median?"

Ukizipanga kutoka ndogo hadi kubwa, ya katikati ni sifuri.

"Mode?"

Ile inayojirudia zaidi. Sifuri, mara kumi na moja.

Hakuna aliyecheka tena. Nikajitetea haraka haraka, nikaeleza habari ya matanga na jinsi nilivyowaelekeza wale watu wote.

Bi Mwanaisha akaniuliza taratibu, "Nawe ulikwenda lini kutoa pole?"

Wakuu, sikuwa nimekwenda. Nilikaa kwangu nikihesabu.

Jumamosi nikabeba kilo mbili za sukari, nikazunguka nyuma.

"Hodi."

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Jirani, mama. Wa mlango wa buluu."

Yule mjane akaipokea sukari. "Watu walisema kuna mtu pale mbele anaonyesha njia vizuri. Nikasema, mbona yeye mwenyewe amepotea?"

Akanipa kigoda. Tukakaa.

Nimehesabu tena siku kumi na nne nyingine. Sitawadanganya: median sifuri, mode sifuri, na mean imeanguka vibaya. Hodi moja tu. Yule mama mjane alikuja kuuliza kama nimekula.

Mwalimu alishatufundisha weighted mean, kwamba kila namba ina uzito wake. Hii moja bado sijajua niipe uzito gani.

Nilichojifunza: wastani unaweza kukuvika nguo ambayo si yako. Na hodi, ukiona haziji, anza wewe kuzipeleka.

Haya, wakuu, kwenu ni ngapi kwa siku? Mean kaeni nayo. Niandikieni mode.