Kitatange wa Mama

Jumapili, katikati ya Juni. Manyunyu tangu alfajiri, yale yasiyokulowesha wala yasiyokuacha ukauke. Nguo nilizofua juzi bado ziko kwenye kamba na zimeanza kunuka uvundo.

Naandika leo hii hii, maana nikilala na mambo haya nitaamka nimeshayageuza yanipendelee mimi. Najijua. Kalamu niliishika mpaka darasa la saba tu, na sina hakika kama naweza kuyapanga maneno yakamtendea haki kila mtu, hasa mdogo wangu wa kiume, ambaye leo nimemkasirikia sana.

Mama anakaa nami hapa Makorora tangu maradhi ya ini yamzidi. Kabla ya hapo alikuwa kijijini Kigombe, alikozaliwa, akaolewa, akamzika baba. Maradhi yake makubwa ni kukataa chakula. Nikimpa uji ananusa, anasogeza. Nikimpa wali anauchezea kwa kidole kama mtoto, kisha, "Nimeshiba, mwanangu," na tonge hajatia kinywani. Daktari alisema dawa zake kali, zinataka tumbo lenye kitu, kwa hiyo chochote atakachotamani apewe, hata akitaka gubiti, peremende ya watoto. Nikamwuliza mama unatamani nini. Akasema hatamani.

Tamaa ilimjia pale pale zahanati, tuliporudi kuchukua dawa nyingine. Ni zahanati ya mtu binafsi, safi, na pale wanapongojea wagonjwa pana sanduku kubwa la kioo lenye maji, taa na samaki. Mama alikuwa ameniegemea begani, macho kayafumba. Mara akakaa wima.

"Kitatange yule!"

Akainuka, akajikokota mpaka kwenye kioo. Ndani mlikuwa na kitatange mkubwa, bapa kama sahani, mistari ya njano na buluu, anageuka polepole kama bibi harusi anayeonyeshwa watu.

"Kanona," mama akasema kwa sauti ya sokoni. "Huyu mnamla lini?"

Watu wote benchini wakacheka. Binti wa mapokezi akasema, "Bibi, huyo haliwi. Pambo hilo."

"Pambo la nini? Miye nimelelewa na huyo. Mwiba wake uko hapa, shavuni. Ukishauvunja hana maneno tena."

"Taratibu bibi, asije akasikia akakimbia."

"Akimbilie wapi, na mmemtia chupani?"

Niliona haya, nilimvuta mkono. Lakini nikiwa nimemshika hivyo nikasikia tumbo lake linanguruma. Sikuwa nimelisikia tangu ahamie kwangu. Njiani kurudi alizungumza kitatange tu, na mate yakimjaa.

Kwetu Kigombe kitatange hakuwa samaki wa kuuza. Chombo kikirudi, changu na tasi na kolekole walikwenda mnadani. Vitatange na vile vidogo vya rangirangi vilivyoingia kwenye dema, mtego wa fito, vilitupwa kando kwenye kapu, na kila baharia akachota vyake kupeleka nyumbani. Hicho kiliitwa kitoweo. Kitoweo hakikupandishwa mzani wala hakikutajiwa bei, na mtu aliyekiuza alisemwa kijiji kizima kwamba kauza chungu cha mama yake. Nyumbani mama aliwavunja mwiba, akawababua kwenye makaa ile ngozi ngumu ilainike, akawapika chukuchuku: maji, chumvi, ndimu na pilipili, bila nazi wala mafuta. Nisiseme uongo, sisi watoto tulinung'unika. Tulitaka changu wa kukaanga kama kwa wenye duka. Leo nikisema kitatange alikuwa mtamu, sijui kama ni ulimi unaokumbuka au ni umri.

Nilimtafuta sokoni. Wauzaji wakaniambia kitatange siku hizi haji, wanaompata wanamuuza mzima, anakwenda kufugwa Ulaya na Arabuni. Nikanunua tasi, nikapika chukuchuku vile vile, nikamwekea mama bila kusema kitu. Akaonja mchuzi.

"Huyu mgeni," akasema, akasukuma bakuli.

Basi nikampigia simu mdogo wangu. Yeye ndiye aliyerithi bahari ya baba, na nilijua, maana kila mtu Kigombe anajua, kwamba siku hizi ndiye anayezamia na kiwavu kuwakamata samaki wa rangi kwa ajili ya tajiri mmoja anayewasafirisha. Sijui kama tajiri huyo ana kibali. Sikuuliza, kwa hiyo siandiki kwamba hana. Nikamweleza habari ya mama. Akasema, "Inshaallah, dada, Alhamisi nitakuja naye."

Mimi nikaisikia inshaallah ile kama ahadi. Yeye pengine aliisema kama watu wanavyoisema. Mama, nilipomwambia, Alhamisi hakugusa uji wa asubuhi wala chai. "Namwekea nafasi," akasema. Akaniamrisha nikamue ndimu, nichochee makaa. Akakaa mlangoni kwenye mkeka amejitanda kanga mpya. Makaa yakawa majivu, nikachochea mengine. Mdogo wangu hakuja, na simu haikupokelewa. Jioni mama alikunywa dawa zake juu ya tumbo tupu, akatapika zote.

Kesho yake nikaenda Kigombe. Nyuma ya nyumba yake kuna birika la saruji lenye maji ya bahari, limefunikwa wavu na makuti. Kipampu kinapiga hewa, bwabwabwa, kwa betri ya pikipiki. Ndani wamo vitatange, wakubwa kwa wadogo, rangi zao kama kitenge. Mke wake alikuwa akiwabadilishia maji kwa ndoo.

"Karibu wifi," akasema. "Waone watoto wangu. Hawa maji yao ni asubuhi na jioni, na matone ya dawa juu, mapezi yasioze. Mume wangu mtungi wake wa kunywa una wiki."

Tulicheka. Mdogo wangu akatoka, akaniamkia vizuri, adabu hajapoteza. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya mmoja tu, hata yule mdogo.

"Dada, hawa wameshahesabiwa. Tajiri kaja kawaona, kawapiga na picha. Nikitoa mmoja naonekana mwizi."

"Ni kitoweo cha mama."

"Zamani. Huyu sasa si kitoweo, abiria wa ndege huyu. Wewe hata Unguja hujafika."

"Kamkamate mwingine."

"Maji machafu wiki hii, chini hapaonekani. Unafikiri hata Alhamisi nilikaa tu? Nilizama, nikatoka mikono mitupu. Ningesema nini kwenye simu?"

Nilikuwa na maneno mengi. Kisha akaniuliza, bila ukali, "Dawa za mama zile, unadhani zinatoka wapi?"

Ni kweli, dawa za mama ananunua yeye. Mimi vitumbua vyangu vinatosha kodi na mkaa. Vitatange wale ndio dawa za mama, na mama hawezi kumeza dawa kwa sababu hajala, na hajala kwa sababu anamtaka kitatange. Nimelizungusha jambo hili kichwani kutafuta pa kumlaumu. Pa kumlaumu papo, lakini si pakubwa kama nilivyotaka.

Nilirudi nikamwambia mama bahari imechafuka. Akasema, "Bahari haijawahi kuninyima. Sema mwanao hataki." Alisema mwanao, si mwanangu.

Leo asubuhi, katika manyunyu hayo hayo, mdogo wangu kaingia na mfuko wa nailoni. "Shikamoo mama."

"Marahaba," mama akajibu, uso ukutani.

"Nimekuletea kitoweo."

Mama aligeuka mzima mzima, peke yake, bila mkono wangu. Akafungua mfuko. Vitatange wanne, wakubwa, rangi zimeanza kufifia. Akamtwaa mmoja, akampapasa shavuni, akauvunja mwiba kwa dole gumba kama anavunja kijiti. "Alhamdulillahi," akasema. "Mwanangu, ulichelewa lakini umekuja." Akamshika mwanawe kichwa, akambusu.

Ningependa niishie hapo. Lakini mimi ndiye niliyewachukua jikoni kuwapaa, na nilipofunua shavu la wa kwanza nikaona ndani kuna ubuluu, si ubuluu wake wa ngozi, wa rangi iliyotiwa. Na harufu ilikuwa kama ya korido ya hospitali. Nikamwita mdogo wangu jikoni.

"Hawa wamekufaje?"

"Betri iliisha. Asubuhi tumeamka wanaelea, wote."

"Na ile dawa?"

"Matone tu, dada. Samaki hachinjwi, akifa mwenyewe halali."

"Uhalali sibishani nao. Nauliza dawa."

Akatazama chini. "Mimi ningemla."

"Wewe mzima."

"Basi wasafishe sana. Usinifanyie hivi, dada. Umemwona uso wake?"

Nilikuwa nimeuona. Kwa huo uso nilisimama muda mrefu nimeshika kisu. Sijui dawa ile ni nini. Pengine ni chumvi tu yenye rangi, pengine moto ungeiua. Sikuwa na wa kumuuliza, daktari Jumapili hayupo. Nilijua tu kwamba ini la mama limechoka, na kwamba mkono utakaowatia sufuriani ni wangu. Nikaenda nikamwambia mama mwenyewe, nisije nikamwamulia kama mtoto.

Akasikiliza. Akamuuliza mwanawe, "Kweli?"

"Matone, mama."

"Wangekuwa hai, ungeniletea?"

Angeweza kusema ndiyo, na tungemwamini, mama zaidi ya wote. Hakusema. Hilo naliandika kwa faida yake, maana si wengi wangeacha kusema uongo pale.

Mama akageuza uso ukutani tena. "Watupe," akasema. "Niliyenyimwa wazima nilishwe mizoga?"

Mdogo wangu akavaa ndara akaondoka, mvua ikimnyeshea, hana hata chai tumboni. Nikawafukia samaki chini ya mpapai. Paka wa jirani wakawafukua kabla ya adhuhuri, wakala wote mpaka mifupa, na sasa wamejilaza ukutani wanajilamba, wazima wa afya. Niliwatazama mchana kutwa nikiwaombea mabaya, Mungu anisamehe, angalau mmoja atapike, nijue sikukosea.

Hakutapika hata mmoja. Jioni nilipika ugali na mchicha wa nazi. Nilikula peke yangu, nusu, bila ladha. Mama alitaka chai ya rangi isiyo na sukari, akanywa mafunda mawili, na dawa zake hakuzimeza.