Mpimaji wa Maabara na Vijidudu Sugu

Mpimaji wa maabara huvisema vijidudu vyake kama mjomba anavyowasema wapwa wavivu, pua karibu iguse sahani anayovioteshea. Asubuhi hii alikuwa na vijidudu vya salmonela vilivyotoka kwenye damu ya mtoto ambaye homa yake ilikataa kila dawa aliyopewa. Tangu jana alikuwa ameweka juu ya sahani vikaratasi vitano vyenye dawa tofauti. Kuzunguka vinne, vijidudu vilistawi bila wasiwasi. “Mmelishwa dawa kama peremende, sasa mnazidharau,” aliviambia. Kuzunguka cha tano palikuwa peupe, hakuna kijidudu kilichoota. Akapima upana wa peupe hapo kwa rula mara tatu.

Muuguzi akachungulia mlangoni. “Kaka, daktari anauliza mtoto apewe dawa gani.”

“Nimeipata. Nipishe, dada, nikamwambie mwenyewe. Wewe utasalimia watu njiani.”

Akatoka mbio, ndala moja ikabaki mlangoni.