Kibanja Tulichokagua Izigo

Nyumba yangu nilianza kuijenga kichwani kabla sijawa hata na godoro. Nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja pale Bukoba, nashona kaptura za shule. Kila nikikanyaga cherehani nakiona kibanja: migomba, kahawa, na Mae, mama yangu, amekaa mlangoni anamenya ndizi na kugombana na kuku. Wenzangu wakinicheka, "Bwana shamba, leo umevuna mikungu mingapi?" nawajibu, "Mingi, leteni magunia!"

Lakini haikuwa ndoto tupu. Baba alipofariki, kibanja chetu cha Kagoma kilirithiwa na kaka yangu wa mama mwingine, na mkewe hakuelewana na Mae. Mae akaja kukaa nami katika chumba cha kupanga Miembeni. Mwanamke wa Kihaya ananunua ndizi sokoni! Alikuwa akirudi na mkungu wake huku kanga ameishusha mpaka machoni, utadhani kauiba.

Aliyetutafutia kibanja cha Izigo ni mjomba wangu, mdogo wake Mae, wa tumbo moja. Kazi yake ilikuwa udalali wa vibanja. Siku ya kukagua tulikwenda watatu. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa bati. Nikafunga mlango na dirisha nikatazama juu kutafuta matundu. Nikaona mawili tu. Nikagonga nguzo moja moja kwa mpini wa kisu, nisikie kama mchwa wamekula ndani. Mjomba akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mpwa wangu, unaipima nyumba kama mteja wa suruali!"

Mae alikagua shamba. Nyuma ya nyumba nyasi za kufunika udongo zilikuwa zimetandazwa nene kuliko kwingine kote. Akainama azifunue.

"Dada, acha! Zimewekwa juzi tu, zinatunza maji. Unataka kumharibia mtu kazi yake?"

Mae akaacha. Kisha akauliza, "Na makaburi yako wapi?"

Hilo kwetu ndilo swali la kwanza, maana kila ukoo huzika watu wake kibanjani. Penye kaburi ukoo una sauti, na mtu mmoja hawezi kuuza peke yake.

"Hapa hajazikwa mtu," mjomba akajibu. "Anayeuza alifyeka pori mwenyewe."

Mimi nilifurahi kama mjinga. Mahali papya, nikasema, tutaanza sisi! Tukazunguka mipaka na mashahidi wanne walioletwa na mjomba, tukapanda milamula, miti ya kuonyesha mpaka, penye pembe, nikalipa fedha, tukanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mae alihamia juma lile lile. Mimi nilibaki na cherehani yangu mjini, lakini kila Jumamosi nilipanda baiskeli kwenda Izigo. Nilimkuta anaimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu msiba.

Jumapili moja, tumetoka kanisani, akaingia mgeni aliyevaa koti, mkononi ana sanduku. Hakubisha hodi. Alipita moja kwa moja nyuma ya nyumba, akapiga magoti na kuanza kuondoa nyasi kwa mikono. Tukamfuata. Chini ya nyasi mawe yakatokea, yamepangwa vizuri, urefu wa mtu mzima.

"Mama," akamwambia Mae, taratibu, "hapa ndipo unapomwaga maji ya vyombo?"

Mae akashika mdomo. Ndipo alipokuwa akimwaga.

"Huyu ni baba yangu. Mimi nilikuwa Uganda kwa kazi. Aliyewauzia ni binamu yangu, nilimwachia atunze tu. Nani aliwaleta?"

"Ndugu yangu," Mae akasema. Akamweleza alivyo, mrefu, kovu kwenye kidevu.

Yule bwana akamtazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kama angetutukana. "Namfahamu. Siku ya mazishi alishika jembe. Alichimba hapa pamoja nasi."

Mkungu, mkuu wa kijiji, aliamua kibanja kirudi kwa mwenyewe, na sisi turudishiwe fedha zetu. Tulirudishiwa. Watu wakatuambia tumshukuru Mungu. Mae akafunga vyungu vyake, tukarudi Miembeni kwenye chumba kile kile.

Mjomba alikaa miezi miwili ndipo akaja. Mae alimkaribisha kitini, nami nikasimama mlangoni.

"Dada, mimi nilidhani yule kijana hatarudi tena," akasema. "Watu wangapi wanakwenda Uganda wakapotelea huko?"

"Na mimi? Mimi ulidhani nitakwenda wapi?"

Mae akainuka, akachukua kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, akamwekea mbele kwa mikono miwili, amepiga goti, kama tunavyomwekea mgeni wa heshima. Ndugu wa tumbo moja hawekewi hivyo. Ndugu hunyoosha mkono akajichotea, na huku anadai chakula.

Mjomba akakitazama kikapu. "Dada, leo nimekuwa mgeni?"

"Tafuna kahawa, bwana," Mae akasema. "Safari yako ni ndefu."